Tumesimama Juu ya Nini?

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani katika semina ya viongozi walei wa parokia



Tuliombwa tuzungumze juu ya ujasiri wa Kikristo katika kutetea haki. Tungeweza kuanza na mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii, kama ilivyo desturi yetu. Lakini tumeona tuanze na kosa, nalo ni kosa letu sisi Tume, wala si la mtu mwingine yeyote.

Wengi wenu mnakikumbuka kipeperushi cha kurasa nne tulichokigawa katika semina iliyopita. Kilitokana na kijitabu cha Kiingereza kihusucho kudai haki pasipo kutumia nguvu, ambacho tuliletewa na marafiki wa ng'ambo. Kazi ya kukitafsiri tuliifanya usiku mmoja, kwa haraka, washiriki wakiwa wameshaanza kuwasili. Katika ukurasa wa tatu mwandishi alikuwa ameweka maagizo mafupi mawili: "Stand your ground. Stay grounded." Sisi tukayageuza neno kwa neno, tukaandika: "Simama juu ya ardhi yako. Usiondoke ardhini." Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Sentensi zilikuwa fupi, zilisikika vizuri masikioni, nasi tukazipiga kwa herufi nene.

Basi, katika kigango kimojawapo cha parokia hii palikuwa na familia mbili zilizokuwa zikigombea mpaka wa shamba. Shauri lao lilikuwa limeshafika Baraza la Ardhi la Kijiji, na wazee walikuwa wamekaribia kuwapatanisha; ilibaki tu siku ya kupima kwa kamba. Baba wa familia moja, mwanajumuiya hodari asiyekosa Ibada, alirudi kutoka semina na kipeperushi chetu mfukoni. Kesho yake alfajiri alichukua kigoda na panga, akaenda kuketi mpakani. Alipoulizwa, alijibu kwamba Kanisa limemwagiza asiondoke juu ya ardhi yake, na karatasi akaionyesha. Jirani yake naye akaja pamoja na wanawe. Siku ya tatu kijana wa yule mzee, akiogopa yatakayotokea, alijaribu kumnyang'anya baba yake panga, akakatika kiganja. Usuluhishi ukavunjika. Mvua za kupandia zikanyesha zikapita, na kipande kile cha shamba hakikupandwa na upande wowote.

Hatusemi kwamba karatasi yetu ndiyo iliyouzaa ugomvi ule, maana ulikuwapo kabla yetu. Lakini kuni za kuuchochea tulizipeleka sisi. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza maneno yale yalimaanisha nini, yalitoka wapi, na kwa nini hata kwa wenyewe wanaosema Kiingereza si maneno mepesi.

Neno lao "ground" ni ardhi, ni udongo, ni uwanja. Lakini pia ni mahali aliposimama askari vitani, na tena ni sababu au msingi wa hoja ya mtu. Mtu anayeambiwa "stand your ground" haambiwi habari za shamba. Anaambiwa asirudi nyuma, asiliache neno lake kwa kuwa ametishwa. Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hilo, nalo ni "msimamo". Laiti tungaliandika "Shika msimamo wako", maneno matatu tu, huenda kiganja cha kijana kingalisalimika. Agizo la pili, "stay grounded", ni gumu zaidi kulipatia neno. Linamtaka mtu atulie, aijue hali halisi, asijikweze wala asichukuliwe na hasira au na sifa. Kwa kifupi, asipoteze fahamu za mahali alipo na watu anaoishi nao. Tazameni jinsi tulivyokosea: agizo ambalo lingemfanya mzee yule atulie nyumbani ndilo lililomkalisha mpakani siku tatu.

Tulipoanza kuichunguza misemo ya Kiingereza ya namna hii, jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba mingi imetoka vitani. Mtu asiyebadili shauri lake husemwa kuwa ameng'ang'ania mizinga yake, kama askari wa mizinga ambaye adui anakaribia naye haondoki penye silaha yake. Aliyeachiwa kazi wenzake wakiwa safarini huambiwa ailinde ngome. Kundi linaloombwa lisigawanyike huambiwa lishike mstari, yaani ule mstari wa askari waliosimama bega kwa bega. Na aliyebanwa pande zote, asiye tena na pa kwenda, husemwa kuwa mgongo wake uko ukutani. Ukiwasikiliza watu wawili wakijadiliana kwa Kiingereza, hata juu ya jambo dogo, utasikia kwamba mmoja amepata ardhi na mwingine amepoteza ardhi, kana kwamba mazungumzo ni majeshi mawili uwanjani.

Upo msemo mmoja wa baharini ambao ungepaswa kuwagusa watu wa pwani kuliko wengine. Mtu aliyetangaza msimamo wake hadharani, asiyeacha mlango wa kutorokea, husemwa kuwa amepigilia bendera yake mlingotini kwa misumari. Sisi tunasema bendera hufuata upepo, na tukisema hivyo tunamdharau mtu kigeugeu. Kitambaa ni kile kile na upepo ni ule ule. Sisi tumekiangalia kinavyogeuka, wao wameiangalia misumari. Katika vita vya merikebu, kushusha bendera kulikuwa ni kusalimu amri. Kwa hiyo aliyeipigilia misumari alikuwa amesema kwamba hatashindwa ila kwa kufa.

Waingereza wengi huuhusisha msemo huo na baharia mmoja aliyeitwa Jack Crawford, wa mji wa Sunderland. Tarehe 11 Oktoba 1797 merikebu za Uingereza zilipigana na za Uholanzi karibu na pwani ya Uholanzi, katika vita viitwavyo vya Camperdown. Ncha ya mlingoti wa merikebu ya mkuu wao, iliyoitwa Venerable, ilivunjwa kwa mizinga, na bendera ikaanguka. Crawford, kijana wa miaka 22, aliparamia mlingoti huku risasi zikipita, akaipigilia bendera mahali pake. Waingereza wakashinda. Watu wa mji wake wakampa nishani ya fedha, na serikali ikampa malipo ya uzeeni.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea. Sisi tuliamua kuendelea kusoma, kwa kuwa kazi ya Tume hii ni kuuliza habari za yule aliyepanda mlingoti. Mishahara ya mabaharia wa jeshi lile ilikuwa haijaongezwa tangu mwaka 1658, karibu miaka 140. Wengi wao hawakujiunga kwa hiari. Walikamatwa bandarini na kupelekwa melini kwa nguvu. Miezi michache tu kabla ya vita hivyo, mabaharia waligoma katika bandari mbalimbali wakidai ujira na chakula cha kutosha, na baadhi ya viongozi wa migomo hiyo walinyongwa. Na Crawford mwenyewe? Baadaye aliingia katika ulevi na ufukara, hata nishani yake ikamtoka mikononi kwa shida ya fedha. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1831, akazikwa katika kaburi la maskini lisilo na alama. Jiwe la kaburi lilikuja kuwekwa mwaka 1888, yaani baada ya zaidi ya miaka 50, na mwaka 1890 mji ukamsimamishia sanamu ya kumbukumbu.

Ndugu zetu, habari hiyo ilitufanya tutazamane. Mara ngapi sisi viongozi tumemsukuma mama mjane asimame peke yake mbele ya mkutano wa kijiji kushtaki wanaokula fedha za mbolea, tukampigia makofi, kisha tukarudi majumbani kwetu naye akabaki na wale aliowashtaki? Bendera ilikuwa yetu sote. Mlingoti aliupanda yeye.

Sasa tuje kwenye maneno yale yale tuliyoyakosea, maana wenyewe nao yamewaletea msiba mkubwa kuliko wa kigango chetu. Sheria ya zamani ya Kiingereza ilimtaka mtu anayeshambuliwa arudi nyuma kwanza, ikiwezekana mpaka mgongo wake uguse ukuta, kabla ya kumwua anayemshambulia. Nyumbani kwake tu ndipo hakulazimika kukimbia. Mwanasheria Edward Coke, akieleza shauri moja la mwaka 1604, aliandika kwamba nyumba ya kila mtu kwake ni kama ngome, na maneno hayo hukaririwa hata leo. Sheria ile ya kurudi nyuma ilikuwa na hekima ndani yake. Haikumwita mwoga yule aliyekimbia. Ilisema kwamba uhai wa binadamu, hata uhai wa mkosaji, ni mzito kuliko heshima ya mtu asiyetaka kuonekana amekimbia.

Huko Marekani, katika karne ya 19, mahakama za baadhi ya majimbo zilianza kuiona sheria hiyo kuwa haimfai mwanamume wa kweli. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani nayo ikatumia maneno yale ya kusimama mahali pako katika hukumu ya kesi ya mauaji. Kisha mwaka 2005 jimbo la Florida lilitunga sheria kwamba mtu aliye mahali popote anaporuhusiwa kuwapo hana wajibu wa kurudi nyuma, naye aweza kuua iwapo ana sababu ya kuamini kwamba yumo hatarini kuuawa au kuumizwa vibaya. Majimbo mengine yakafuata, na leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya nchi ile yana sheria za namna hiyo. Watu wakaziita kwa msemo wenyewe: sheria za "stand your ground".

Tarehe 26 Februari 2012, katika mji wa Sanford huko Florida, kijana mweusi wa miaka 17 aliyeitwa Trayvon Martin alikuwa akirudi kutoka dukani kwenda nyumba aliyokuwa amefikia pamoja na baba yake. Hakuwa na silaha. Alibeba peremende na kinywaji. Mlinzi wa kujitolea wa mtaa, wa aina ya walinzi ambao sisi tungewalinganisha na sungusungu, alimshuku, akamfuatilia, wakakabana, naye akampiga risasi. Alisema alikuwa akijihami. Zikapita siku 44 kabla ya mtu huyo kukamatwa na kushtakiwa. Katika kesi, mawakili wake hawakuomba kinga maalumu iliyomo katika sheria ile. Walijitetea kwa njia ya kawaida ya kujihami. Lakini katika maelekezo waliyopewa raia sita waliokaa kuamua, maneno yale yalikuwamo: kwamba kama alikuwa mahali alipo na haki ya kuwapo, hakuwa na wajibu wa kurudi nyuma. Mwezi Julai 2013 wakamwachilia huru.

Hatukuketi hapa kuwahukumu Wamarekani, sisi ambao katika mitaa yetu mtu huchomwa moto kwa kupigiwa tu kelele za mwizi. Twataka muone kilichoupata msemo. Ulizaliwa ukiwa agizo kwa askari asiwakimbie wenzake walio kushoto na kulia kwake. Ukaishia kuwa ruhusa ya mtu mmoja mwenye bastola na hofu. Na lipo swali ambalo wengi waliliuliza wakati ule, nasi tunalirudia: je, kijana naye hakuwa na haki ya kusimama pale aliposimama? Alikuwa njiani kwenda mahali alipolala. Msemo haukusema ardhi ni ya nani. Ndivyo ilivyokuwa mpakani kwetu: kila mmoja wa wale majirani aliamini amesimama kwake, na kila mmoja aliona ujasiri wake mwenyewe na uchokozi wa mwenzake.

Kundi la pili la misemo, lile la kubaki chini, ni la watu wa kawaida zaidi, na hatutakaa nalo sana. Anayepanga mambo kwa akili timamu husifiwa kuwa miguu yake yote miwili iko ardhini. Mtu asiye na makuu, anayezungumza na kila mtu, huitwa mtu aliyeshuka hadi kwenye udongo. Sisi husema aliye juu mngoje chini, na mpanda ngazi hushuka. Tunamwonya aliyepanda, wao wanamsifu asiyepanda. Zaidi ya hayo, wale kati yetu waliopitia seminari watakumbuka kwamba neno la Kilatini la unyenyekevu, humilitas, limetokana na humus, yaani udongo, na kwamba jina la Adamu katika Kiebrania linakaribiana na neno la udongo. Mnyenyekevu ni mtu anayejua ametengenezwa kwa nini.

Je, makundi haya mawili hukutana wapi? Mfano ulio wazi kuliko yote tunaoujua ni wa mama aliyeshika msimamo akiwa ameketi. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, dereva wa basi aliwataka weusi wanne waliokaa safu moja wainuke ili mzungu mmoja apate kuketi. Watatu waliinuka. Wa nne, fundi cherehani wa miaka 42 aitwaye Rosa Parks, alikataa, akakamatwa na polisi. Wasimulizi hupenda kusema kwamba alikuwa mama mchovu tu aliyetoka kazini. Mwenyewe aliyakana hayo. Uchovu wake, alieleza, ulikuwa wa kukubali kila siku kuonewa.

Msimamo wake haukuzuka ghafula ndani ya basi. Tangu mwaka 1943 alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi mjini kwake, akiandika habari za watu waliopigwa na wanawake waliotendewa jeuri, kazi isiyo na makofi. Kiangazi cha mwaka ule ule wa 1955 alihudhuria mafunzo huko Highlander, Tennessee, mahali ambapo weusi na weupe walikaa darasa moja na kula meza moja. Tena hakuwa wa kwanza: tarehe 2 Machi mwaka ule binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa lile lile la kukataa kuinuka. Jina lake halikuimbwa. Lakini ni yeye na wanawake wengine watatu, wala si Rosa Parks, ambao shauri lao lilifika Mahakama Kuu na kuufuta ubaguzi katika mabasi ya mji huo, mwezi Novemba 1956.

Na hapa mtuvumilie tukirudia habari za karatasi. Usiku ule ule aliokamatwa Rosa Parks, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson, kiongozi wa umoja wa wanawake, alikwenda chuoni pamoja na wasaidizi wachache, wakadurufu makumi ya maelfu ya karatasi hadi alfajiri. Wale wote mliowahi kuzungusha mashine ya stensili kwa mkono mnajua usiku wa namna hiyo. Wao nao, kama sisi, walitengeneza kipeperushi chao usiku mmoja. Lakini karatasi yao haikumwambia mtu awe shujaa. Ilieleza aliyekamatwa ni nani na kwa sababu gani, ikawaomba watu wasipande basi siku ya Jumatatu. Mama wa jikoni aliielewa, na mtoto wa shule aliielewa. Jumatatu ile mabasi yalikwenda karibu matupu upande wa weusi. Waliendelea siku 381, wakitembea kwa miguu na kusaidiana kwa magari, mengine ya makanisa. Miguu yao ilikuwa ardhini kweli kweli, hata soli zikaisha.

Rosa Parks naye alilipa. Alipoteza kazi yake, vitisho havikukoma, na mwaka 1957 yeye na mumewe walihamia Detroit. Tofauti na baharia wa Sunderland ni kwamba nyuma yake palikuwa na watu waliokuwa wamekaa vikao pamoja naye kwa miaka mingi.

Baadhi yenu, hasa mlio watumishi wa serikali na wajumbe wa mabaraza, mmetuuliza kama msimamo lazima uwe wa kupayuka. Tunawakumbusha Mtakatifu Thomas More, ambaye mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa siasa. Alikuwa Kansela wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mfalme alipojitwalia ukuu wa Kanisa, More hakupanda jukwaani. Mwaka 1532 alijiuzulu, akarudi nyumbani na kupunguza matumizi ya familia. Alipotakiwa kuapa mwaka 1534 alikataa, wala hakuwalaani walioapa. Akanyamaza, kwa kuwa aliijua sheria na alijua kimya si kosa. Akafungwa, na tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa, na yasimuliwa kwamba hata alipokuwa akipanda ngazi mbovu ya jukwaa alimtania ofisa aliyemshika mkono. Hatusemi hakuwa na doa. Katika ukansela wake watu kadhaa walichomwa moto kwa uzushi, naye aliliunga mkono jambo hilo. Mtu aweza kushika msimamo wa dhamiri yake na bado asiione dhamiri ya mwenzake. Lakini angalieni jinsi alivyorudi nyuma hatua baada ya hatua, akiacha cheo, akiacha mali, akiacha hata kusema, mpaka ukabaki ukuta mmoja tu nyuma yake. Hapo ndipo aliposimama.

Mtume Paulo naye, alipowaandikia Waefeso, aliuchukua mfano wa askari na kuwaomba Wakristo wasimame. Sisi husoma sura ile ya sita kwa sauti kubwa, tukiupenda upanga na ngao, na tunavipita viatu. Viatu vya askari wa Kirumi vilipigiliwa misumari chini ya soli ili visiteleze katika tope na mteremko; bila hivyo ngao haina faida, maana aliyeibeba ataanguka. Na Paulo, katika kugawa kila kitu cha askari, ukweli akauweka kiunoni na haki kifuani. Viatuni aliweka Injili ya amani.

Ndugu viongozi, kipeperushi kile tumekiondoa. Mkiwa na nakala zake, tafadhali zirudisheni ofisi ya parokia kabla ya Dominika ijayo. Toleo jipya halina maagizo ya neno moja moja. Ukurasa wa tatu sasa unaeleza mambo ya kawaida: usitie dole gumba katika karatasi usiyosomewa, nenda barazani na shahidi asiye ndugu yako, ukitishwa, waambie watu watatu siku hiyo hiyo, silaha iache nyumbani. Kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa tuliwasomea akina mama wa jumuiya mbili, wasiojua Kiingereza, nao wakatusahihisha mahali pawili.

Ama kuhusu zile familia, tulikwenda kuomba radhi kwa pande zote mbili, na kijana tulimkuta ameanza tena kushika jembe, ingawa vidole viwili havikunji. Wazee wa baraza walikubali kuanza upya. Mwezi uliopita mpaka ulipimwa kwa kamba mbele ya mashahidi, na miche ya mkonge ikapandwa. Upande wa mtoni bado wanabishania mwembe mmoja. Jumatano tunarudi huko, na tungefurahi wawili au watatu kati yenu wakifuatana nasi.